Maana ya istilahi za mpangilio wa picha, na jinsi ya kuzitumia hatua kwa hatua

Mpangilio wa picha ni jumla ya maamuzi anayofanya mpiga picha kuhusu kitu gani kiingie ndani ya fremu, kikae wapi, kiwe kikubwa au kidogo kiasi gani kikilinganishwa na vingine, na kipi kiachwe nje kabisa. Istilahi zinazofundishwa, kama vile kanuni ya theluthi, mistari ongozi, nafasi tupu au kina cha fokasi, ni majina ya maamuzi hayo. Anayezikariri kama orodha huishia kupiga picha zinazotii kanuni lakini hazina la kusema, kwa sababu hajajua kila istilahi inajibu swali gani. Mwongozo huu unazifuata kwa utaratibu ambao mpiga picha huzihitaji akiwa amesimama mbele ya kile anachotaka kukipiga. Mifano mingi inatoka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako vichochoro, milango ya nakshi, baraza na ukuta wa bahari wa Forodhani humpa mtu karibu kila tatizo la mpangilio bila kulazimika kupanda gari.

Hatua ya kwanza: taja kiini, kisha kagua kingo

Kiini cha picha ni kile ambacho, kama kisingekuwapo, usingeinua kamera. Kitaje kwa sentensi moja kabla ya kupiga. Ukisema "mlango", umesema jambo pana mno. Ukisema "misumari ya shaba iliyong'arishwa na mikono ya watu", tayari umejua kwamba unapaswa kusogea karibu na kuacha sehemu kubwa ya mlango nje. Ukisema "mzee anayesoma gazeti barazani", mlango uleule umegeuka kuwa usuli. Watu wengi hulaumu kamera kwa picha ambayo, kwa kweli, ilikosa sentensi hii tu.

Fremu ni mstatili unaotenganisha kilichomo na kisichokuwamo, na umbo la mstatili huo huitwa uwiano wa pande. Filamu ya milimita 35 hutoa kipande cha milimita 24 kwa 36, yaani 3:2, na kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha zimerithi uwiano huo. Simu nyingi hupiga kwa 4:3, video za kawaida huwa 16:9, na kinachowekwa kwenye "status" ya WhatsApp hujaza skrini vizuri kikiwa 9:16, simu ikiwa imesimama. Amua mapema picha itatumika wapi, kwa maana mpangilio uliokaa sawasawa katika 4:3 unaweza kupoteza mkono wa mtu ukilazimishwa kuingia katika 9:16. Amua pia kati ya wima na mlalo: vichochoro vya Mji Mkongwe, vikiwa vyembamba na kuta ndefu pande zote mbili, karibu daima huomba wima, ilhali ukuta wa bahari huomba mlalo.

Ndani ya fremu, vitu havina nguvu sawa ya kuvuta jicho, na nguvu hiyo ndiyo inayoitwa uzito wa kimacho. Uso wa binadamu ni mzito kuliko karibu kila kitu. Hufuatiwa na maandishi, mahali penye mwanga mkali katikati ya giza, rangi kali kama nyekundu na njano, na kitu kilicho wazi kati ya vilivyofifia. Hii ndiyo sababu ndoo nyekundu iliyoachwa pembeni mwa picha inaweza kumshinda bibi harusi. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, pitisha macho kwenye kingo zote nne kama mtu anayefunga milango ya nyumba kabla ya kulala: nusu ya Vespa iliyoegeshwa, waya wa umeme unaokatiza kona, kiwiko cha mpita njia. Kila kilichogusa ukingo kiingizwe chote au kitolewe chote.

Hatua ya pili: shughulikia usuli kabla ya mtu

Usuli ni kila kilicho nyuma ya kiini. Wapiga picha wa zamani waliujali kuliko sisi, kwa sababu walilazimika kuutengeneza. Katika miaka ya 1980 na 1990, vibanda vya picha vilivyokuwa karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na mteja alichagua pazia kwanza ndipo akasimama mbele yake. Mazoea hayo yanafaa hata leo: tafuta kwanza ukuta, kivuli au anga inayofaa, kisha mwombe mtu asimame hapo, au subiri mtu apite.

Kosa la usuli linalojitokeza zaidi ni mgusano, yaani vitu viwili vilivyo mbali katika uhalisi kuonekana vimeshikana katika picha, kwa sababu picha haina kina halisi. Mlingoti wa jahazi huonekana umeota kichwani mwa kijana, na ukingo wa dirisha hupita shingoni mwa mtu kana kwamba unaikata. Dawa yake haihitaji kifaa chochote: hatua moja kushoto au kulia, au kupiga magoti, na mlingoti utahama. Hali iliyo kinyume cha mgusano huitwa utengano, nayo ni ile nafasi nyembamba ya usuli inayobaki kati ya maumbo mawili ili kila moja lisomeke peke yake. Utengano ni muhimu zaidi katika picha ya kivuli cheusi, ile ambayo kiini hukaa kati ya kamera na jua na kubaki umbo tu, kwa kuwa hapo jicho halina rangi wala sura ya kulisaidia kujua mguu upi ni wa nani.

Kontrasti ni tofauti kati ya sehemu angavu na sehemu za giza, au kati ya rangi na rangi. Mzee mwenye kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kanzu humezwa na ukuta na kinachobaki ni uso unaoelea. Mzee huyohuyo akisogea hatua mbili hadi kwenye kivuli cha mlango, umbo lake lote hutokeza. Hapa pana tahadhari kwa wenye simu. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi ndio unaoumia kwanza. Gusa uso kwenye skrini ili simu ipimie mwanga hapo, kisha rekebisha kwa kitelezi kinachojitokeza, hata kama ukuta utakuwa mweupe kupita kiasi. Ukuta unaweza kupoteza maelezo yake bila hasara kubwa, lakini uso hauwezi.

Njia ya tatu ya kutenganisha kiini na usuli ni kina cha fokasi, ambacho ni ukubwa wa eneo linaloonekana wazi mbele na nyuma ya mahali ulipofokasi, yaani ulipoilenga lenzi ili paonekane wazi. Kina hicho hupungua unapofungua tundu la lenzi (f/1.8 ni tundu kubwa, f/8 ni dogo zaidi, ingawa tarakimu zinaonekana kusema kinyume), unapokisogelea kiini, na unapotumia lenzi ya urefu mkubwa wa fokasi, ile inayokuza vitu vya mbali. Simu ina sensa ndogo (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), hivyo kwa kawaida karibu kila kitu huonekana wazi isipokuwa ukipiga kitu kilicho karibu sana. Ukungu unaoletwa na modi ya potreti hutengenezwa na programu inayokisia mtu anaishia wapi, na hukosea penye kingo ngumu: nywele zilizotimka, ukingo wa kofia iliyodariziwa, nafasi kati ya mkono na kiuno. Ukuze picha uikague kabla ya kumruhusu mtu aondoke. Binafsi naona ukungu huo unatumiwa kupita kiasi, kwani mtu aliyepigwa mbele ya nyumba yake, halafu nyumba ikafutwa kwa ukungu, amenyimwa nusu ya habari yake.

Hatua ya tatu: kiweke kiini mahali pake

Hapa ndipo inapoingia kanuni ya theluthi, istilahi inayojulikana kuliko zote. Maana yake ni kwamba fremu hugawanywa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo, na kiini huwekwa kwenye mojawapo ya mistari minne inayopatikana au kwenye makutano yake manne. Simu nyingi zina gridi hiyo katika mipangilio ya kamera. Iwashe na uiache. Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko upigaji picha. Jina hilo lilichapishwa London mwaka 1797 na mchoraji John Thomas Smith, katika kitabu kuhusu mandhari za mashambani, miongo minne kabla ya upigaji picha kutangazwa hadharani mwaka 1839. Smith alijali uwiano: kama ardhi inachukua theluthi moja, anga ichukue mbili, kwa sababu sehemu mbili zilizo sawa humwacha mtazamaji bila kujua ipi ni muhimu.

Kwa maoni yangu, wazo la Smith lina manufaa kuliko yale makutano manne yanayokaririwa. Upeo wa macho, yaani mstari ambapo bahari hukutana na anga, ukipita katikati kabisa huigawa picha kuwa vipande viwili vinavyogombana. Jiulize ni kipi kinachovutia leo. Kama ni mawingu ya masika, teremsha upeo hadi mstari wa chini wa gridi; kama ni ngalawa zilizopumzika mchangani maji yakiwa yamekupwa, upandishe hadi mstari wa juu. Na popote utakapouweka, unyooke. Bahari iliyoinama, hata kidogo, ni kosa ambalo kila mtu huliona, wakiwamo wasiojua neno lolote kuhusu picha.

Uwiano wa dhahabu, ambao ni takriban 1.618 kwa 1, husifiwa kana kwamba ni siri. Mistari yake huangukia kwenye asilimia 38.2 na 61.8 ya upana wa fremu, ilhali ya theluthi huangukia kwenye 33.3 na 66.7. Katika picha yenye upana wa pikseli 4,000 (pikseli ni nukta ndogo za rangi zinazounda picha), tofauti hiyo ni kama pikseli 195. Ujue maana yake, kisha uendelee na kazi.

Istilahi mbili zinazomhusu mtu moja kwa moja zinahitaji uangalifu zaidi. Nafasi ya kichwa ni ile iliyo kati ya utosi na ukingo wa juu: ikiwa kubwa mno, mtu huonekana anazama, ikikosekana kidogo tu, kichwa huonekana kimegonga dari. Nafasi ya kutazamia ni ile inayoachwa mbele ya macho ya mtu au mbele ya kitu kinachokwenda. Mchuuzi anayetazama kulia awekwe theluthi ya kushoto, na baiskeli inayoelekea kushoto iachiwe njia upande wa kushoto. Kuibadilisha kanuni hii kwa makusudi huleta hali ya kubanwa au ya kuondoka, na hilo lafaa pale habari yenyewe inapokuwa hiyo.

Nafasi tupu ni sehemu ya picha isiyo na kitu cha kuvuta jicho: anga, ukuta mtupu, maji yaliyotulia. Kazi yake ni kukipa kiini ukimya wa kukizunguka na kumwonyesha mtazamaji ukubwa au upweke wake. Jahazi moja dogo chini ya anga pana husema jambo ambalo jahazi lililojaza fremu haliwezi kulisema. Nafasi tupu ina faida pia kwa anayetengeneza mabango, kwani ndipo maandishi yatakapokaa. Kinyume chake ni kujaza fremu, yaani kukisogelea kiini mpaka kisibaki kingine, mbinu inayofaa sana sokoni Darajani, ambako vitu ni vingi na karibu kila usuli una fujo.

Hatua ya nne: ulinganifu na fremu ndani ya fremu

Kanuni ya theluthi haina nafasi mbele ya mlango wa Kiswahili. Mlango huu una mfaa, ule ubao wa nakshi unaosimama katikati pale mbao mbili zinapokutana, una miimo pande mbili na kizingiti juu, na kila kitu chake kinaomba ulinganifu, yaani nusu mbili zinazojibiana pande zote za mstari wa kati. Simama mkabala na mfaa, uuweke katikati kamili ya fremu, na uinue kamera mpaka ifike nusu ya kimo cha mlango. Ulinganifu hausamehe makosa madogo: ukisimama sentimita chache pembeni, mwimo mmoja utakuwa mnene kuliko mwingine na picha nzima itaonekana imekosewa, ilhali ukisimama pembeni kabisa itaonekana umekusudia.

Tatizo la vichochoro ni kwamba huna pa kurudi nyuma, hivyo unashawishika kuielekeza simu juu ili upate kizingiti. Papo hapo miimo huanza kuegemeana kuelekea juu, kana kwamba mlango unaanguka kinyumenyume. Mistari wima hubaki wima endapo tu uso wa simu uko sambamba na uso wa ukuta. Ingia katika mlango ulio mkabala ukipewa ruhusa, au tumia lenzi pana zaidi ya simu ukiwa umeinyoosha, kisha ukate sehemu ya chini baadaye. Programu nyingi za kuhariri zinaweza kunyoosha mistari hiyo, lakini hulipia kwa kukata pembe za picha.

Fremu ndani ya fremu ni kutumia mlango, dirisha, upinde au matawi kukizunguka kiini. Upinde ulio gizani, na nyuma yake ua wenye mwanga, huondoa fujo zote za pembeni na kuliongoza jicho ndani. Sharti lake ni kwamba fremu ya ndani iwe na giza au iwe tulivu kuliko kilichomo, la sivyo yenyewe hugeuka kuwa kiini.

Mrudio ni umbo linalojitokeza tena na tena: safu za misumari mlangoni, boriti za dari, nguzo za varanda. Mrudio peke yake huchosha haraka, nao hupata uhai pale unapovunjwa na kitu kimoja, kwa mfano paka aliyelala kati ya nguzo mbili. Kanuni ya idadi witiri, inayosema vitu vitatu au vitano hupangika vizuri kuliko viwili au vinne, inawafaa zaidi wapiga picha za vyakula na bidhaa, ambao wanaweza kuvihamisha vitu watakavyo.

Hatua ya tano: mistari, tabaka na mahali unaposimama

Mistari ongozi ni mistari yoyote, iliyochorwa au ya kufikirika, inayolipeleka jicho mahali fulani. Kichochoro kina mistari mingi ya namna hiyo: kingo za baraza zilizo kandokando, nyaya zilizo juu, mstari wa kivuli unaogawa njia, na yote hukimbilia mahali pamoja kwa mbali. Swali la kujiuliza ni kwamba mwisho wa mistari pana nini. Ikiwa hapana kitu, jicho hufika na kukuta patupu. Njia iliyo bora ni kuchagua kichochoro, kupima mahali mistari inapokutania, kisha kusubiri mwenye baiskeli au mama mwenye kikapu afike hapo.

Ili picha ionekane ina kina, fikiria tabaka tatu: mandhari ya mbele, ya kati na ya nyuma. Wanaoanza husahau ya mbele. Kamba ya nanga iliyo karibu na lenzi, jahazi lililo katikati na meli za mizigo kwa mbali humwezesha mtazamaji kupima umbali, ilhali jahazi peke yake juu ya maji humwacha akikisia.

Pembe ya kupigia ni kimo na upande unaopigia kutoka kwake. Pembe ya chini humkuza mtu na kumpa anga kuwa usuli. Pembe ya juu humpunguza na kuonyesha mpangilio wa sakafu, meza au mkeka. Watoto wapigwe kutoka usawa wa macho yao. Kuhusu lenzi, jambo linalopotoshwa mara nyingi ni kwamba ukubwa wa pua katika picha ya uso hutokana na umbali wa kamera, wala si lenzi yenyewe. Lenzi pana humlazimisha mpigaji kusogea, na ule ukaribu ndio unaoikuza pua na kuyapunguza masikio. Simama umbali wa kama mita moja na nusu hadi mbili, kisha utumie lenzi ya simu inayokuza mara mbili au tatu, na uso utabaki na uwiano wake.

Hatua ya sita: subiri wakati

Wakati wa maamuzi ni ile nukta ambapo tukio na maumbo hukamilika kwa pamoja. Istilahi hii imefungamana na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kilitoka Marekani kwa jina hilo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba picha iliyomwamsha mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa ya Martin Munkácsi wa Hungaria, ile inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika: miili mitatu myeusi, imepigwa kwa nyuma, ikikimbilia mawimbi. Itafute uitazame kwa istilahi ulizokwisha kuzisoma hapo juu. Utaona kontrasti kali, utengano wa mikono na miguu, na povu jeupe linalofanya kazi ya usuli.

Forodhani ni mahali pazuri pa kujizoeza jambo hilo, kwa kuwa jioni vijana huruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine. Panga fremu kwanza ukiacha nafasi tupu mahali ambapo mwili utapita, fokasi na uifunge kwa kugusa skrini na kushikilia, kisha piga mfululizo kuanzia miguu inapoacha ukuta. Chagua ile ambayo mikono imetengana na kiwiliwili na kichwa hakijakatizwa na upeo. Kumbuka kwamba Zanzibar ipo takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, na mwanga wa dhahabu unaodumu jioni nzima katika miongozo ya Ulaya ya kaskazini huku huondoka haraka. Uwe umekwisha kupanga fremu kabla ya saa kumi na mbili. Na kwa watu wazima walio barazani, hasa akina mama, ruhusa huombwa kabla ya kuinua kamera. Salamu kwanza, ombi baadaye.

Hatua ya saba: kata kwa kiasi

Kukata picha ni kupunguza kingo baada ya kupiga, na ni nafasi ya pili ya kufanya maamuzi yote yaliyotangulia. Anza kwa kunyoosha upeo au mistari wima, kisha ondoa kilichoponyoka kwenye kingo, ndipo urekebishe nafasi ya kichwa na ya kutazamia. Unapomkata mtu, usikate kwenye kiungo, kama vile kifundo cha mkono, goti au kifundo cha mguu, kwa sababu huonekana amekatwa kweli. Kata katikati ya paja, kiunoni au kifuani. Hifadhi faili la asili pembeni.

Kukata kuna gharama inayohesabika. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12; ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, umebaki na 2,000 kwa 1,500, yaani megapikseli 3, robo ya ulichokuwa nacho. Ikichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo hutoa karatasi ya takriban sentimita 17 kwa 12.7. Inatosha kwa albamu na kwa skrini ya simu, lakini haitoshi kwa picha kubwa ya kutundika sebuleni. Zumu ya kidijitali nayo hukata vivyo hivyo wakati wa kupiga, tena bila kukuachia nafasi ya kubadili mawazo. Ukiweza kusogea kwa miguu, sogea.